Likizo ya Septemba, majani yaliyoota ukungu na unga uliolia maji

"Nina watoto wawili, wa kike ana miaka 6 na wa kiume miaka 3 na nusu. Tunaishi Tabata, nyumba ya kupanga, uwanja ni wa pamoja na wapangaji wengine. Likizo fupi ya Septemba nitakuwa nao nyumbani wiki nzima. Mitandaoni naona wenzetu wa Ulaya na mambo yao ya msimu wa majani kupukutika: mashada ya majani mekundu, maboga, vinyago vya unga. Nikajaribu. Majani niliyoyabana kwenye kitabu yaliota ukungu. Unga wa kuchezea ulilia maji siku ya pili mpaka ukawa kama uji. Mdogo hakukaa hata dakika tano. Naanza kuona labda sina mkono wa kazi hizi, na Dar yenyewe haina huo msimu. Nifanye nini bila kumaliza hela ya matumizi?"

Dada, mkono unao. Maelekezo uliyoyafuata yameandikwa na watu wanaoishi kwenye hewa kavu. Kwao jani likiachwa juu ya meza linakauka kabla ukungu haujaliona. Kwetu hewa imebeba maji usiku na mchana, na karibu kila kilichokuharibikia kimetokana na hilo. Nitaanza na unga, maana ukiuelewa huo na mengine yatakuwa mepesi.

Chumvi ya mezani ina tabia yake: unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, inaanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyukia humo humo. Dar unyevu unapanda kupita hapo usiku mwingi tu. Umeshaiona jikoni kwako, chumvi ya kwenye kikopo inashikana asubuhi, ndiyo maana watu huchanganya na punje za mchele. Sasa kanuni ya unga wa kuchezea inayozunguka sana inataka vikombe 2 vya unga wa ngano kwa kikombe kizima cha chumvi, unakanda na maji, basi. Kwa hewa yetu hapo umetengeneza sifongo. Usiku umekunywa maji, asubuhi ukawa unayatapika.

Tena ulikuwa mbichi. Unga mbichi ndani ya maji ni chembe za wanga zilizolowana kwa nje tu. Zikipata moto zinavimba na kuyafungia maji ndani. Mtu yeyote aliyewahi kuepua ugali kabla haujaiva anaijua tofauti hiyo kwa vidole vyake.

Kwa hiyo pika, na punguza chumvi. Unga wa ngano kikombe 1 (kikombe cha mililita 250), chumvi robo kikombe, maji kikombe 1 kasoro vijiko vikubwa 2, maji ya limao vijiko vikubwa 2, mafuta ya kula kijiko kikubwa 1. Koroga vyote kwenye sufuria ungali haujawasha jiko, mpaka mabuja yaishe. Kisha moto mdogo kabisa, unasonga kwa mwiko. Dakika ya kwanza utaona uji, halafu ghafla vinaanza kushikana na kuachia ukingo wa sufuria. Usiepue hapo, watu wengi hukosea papo hapo. Endelea kusonga dakika 1 au 2 zaidi, mpaka bonge zima ling'oke pamoja na lisiache utando kidoleni ukiligusa haraka. Mwaga juu ya sinia, subiri lipoe kiasi cha kushikika, ukande dakika 3. Rangi weka wakati wa kukanda: binzari ya manjano kwa njano, maji mazito ya choya kwa wekundu wa kufifia.

Nikwambie na ubaya wake. Chumvi ndiyo inayozuia ukungu, kwa hiyo ukiipunguza unga haukai mwezi kama wao wanavyojisifu. Limao linasaidia kidogo. Kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, ndani ya friji, utacheza siku 4 au 5. Bila friji hesabu siku 2. Ndiyo sababu kipimo nilichokupa ni kidogo. Unga ukitoa jasho lakini hauna harufu wala madoa, haujaharibika: urudishe kwenye sufuria dakika moja, au nyunyiza kijiko cha unga mkavu ukande tena. Ukiona doa la kijani au jeusi, tupa wote. Usiutupe kuku wanapofika, maana kwenye bonge hilo kuna chumvi kama gramu 70.

Vinyago vya kuhifadhi usivifinyange kwa unga huo hata kidogo. Utavianika jua la Septemba vitakauka vizuri, halafu siku ya mvua vitavimba na kulainika. Kwa kazi ya kudumu tumia trei za mayai, zile za karatasi ya kijivu ambazo muuza chipsi wa mtaani kwako anazo rundo. Hapa ndipo ningeweka nguvu nyingi za wiki yako, kwa sababu kazi hii ina hatua ya kila umri na inakula siku 3 au 4 bila kuchosha.

Siku ya kwanza ni kuchana. Trei 2, vipande vya ukubwa wa stempu. Huyu mdogo wako asiyetulia atachana kwa raha zote; kuchana karatasi nzito ni mazoezi ya vidole yaliyo bora kuliko kalamu. Mimina maji ya moto (wewe, si yeye), acha usiku kucha. Siku ya pili wanakamua na kufikicha ndani ya beseni mpaka iwe kama machicha ya nazi, kisha mnaikamua tena mpaka isichuruzike. Hapo changanya na gundi ya uji: robo kikombe cha unga wa ngano uvurugwe na robo kikombe cha maji baridi, umiminwe kwenye kikombe 1 cha maji yanayochemka huku ukikoroga, dakika 2, epua, ikipoa ongeza kijiko kikubwa cha siki. Ukiwa na unga wa muhogo tumia huo, unashika zaidi na ukikauka hauachi weupe. Gundi weka kidogo kidogo. Mchanganyiko unaofaa ni ule ambao ukiufinya kwenye ngumi unabaki na alama za vidole. Ukiporomoka umezidisha gundi.

Bandikeni juu ya bakuli la plastiki lililopakwa mafuta ya kula, au juu ya kifuu cha nazi upande wa nje, unene usiozidi nusu sentimita. Unene ndio unaoharibu kazi za watu wengi. Wanapenda kinyago kinene, kinakauka juu, katikati kinabaki kibichi, siku ya tatu kinanuka. Anika juani, geuza mchana, ingiza ndani jioni kabla umande haujaanza. Siku 2 za jua zinatosha. Kikigongwa kiwe na mlio mkavu kama boksi tupu. Usipake rangi kabla ya mlio huo. Gundi inayobaki ina siku 2 nje ya friji, na mende na sisimizi wanaipenda kuliko watoto.

Tuje kwenye majani. Si kweli kwamba Dar haina majani mekundu. Ulaya miti mingi hubadilika rangi kwa pamoja kwa sababu siku zinafupika na baridi inaingia. Mti unavunja ile rangi ya kijani, klorofili, na kurudisha virutubisho shinani kabla ya kuangusha jani. Njano iliyokuwa imejificha inaonekana, na kwa baadhi ya miti wekundu unatengenezwa mwishoni. Mkungu wetu hufanya vivyo hivyo, ule mti wa kivuli wenye matawi ya ghorofa ghorofa unaozaa kungu. Jani lake kabla ya kuanguka huwa njano, machungwa, mpaka jekundu la damu ya mzee. Haungoji Oktoba na hautangazi, na mikungu miwili ya mtaa mmoja inaweza isiafikiane. Tembeeni nao asubuhi mtaani na kando ya viwanja vya mpira, mtazame chini.

Okoteni yaliyoanguka siku hiyo hiyo, bado laini. Yaliyokwisha kukauka yanavunjika mkononi. Jani la mkungu ni nene na lina nta juu, kwa hiyo maji yake hayana njia ya haraka ya kutoka. Ulipolibana kwenye kitabu ukafunga, ulifungia na maji. Ukungu ulihitaji hayo tu. Futa kila jani, liweke katikati ya magazeti, karatasi 4 chini na 4 juu, juu yake ndoo ya maji, na gazeti ubadilishe kila siku kwa siku 3 za mwanzo. Gazeti lililolowa usilirudishe, lianike.

Kama umeme upo kuna njia ya mkato. Pasi ya moto wa chini, bila maji ya mvuke, jani likiwa kati ya karatasi mbili nyeupe. Bonyeza sekunde 10, inua, acha mvuke utoke, rudia mara 5 au 6, huku ukigeuza. Inua kweli, ukiiacha pasi pale jani linapikika na kuwa kahawia. Kazi hii ni yako, watoto wahesabu sekunde. Mwisho paka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, pande zote mbili. Wekundu utafifia baada ya wiki chache hata ufanyeje, na juani utafifia haraka zaidi. Waambie mapema wasije wakalia.

Wa miaka 6 atengeneze taji: ukanda wa manila upana wa sentimita 5, urefu wa kichwa ongeza sentimita 4 za kuunganishia, majani yabandikwe yakipandana kama vigae. Mdogo mpe jani bichi, upande wenye mishipa uwe juu, afunike na karatasi nyepesi asugue kwa kalamu ya nta iliyolazwa. Kalamu ikisimama inachana karatasi. Ikilazwa mishipa inatokea yenyewe, mmoja mmoja, na hapo ndipo huwa ananyamaza.

Hizo dakika tano za mdogo zisikusumbue. Mtoto wa miaka 3 na nusu anayekaa na kitu kimoja dakika 5 mpaka 10, akaondoka, akarudi, yuko sawa kabisa. Wakubwa tunakosea kwa kumpa kazi inayolipa mwishoni: kata, bandika, subiri ikauke, halafu ndiyo iwe samaki. Yeye anataka kitu kinachojibu sasa hivi. Kuchana kunajibu, kumimina kunajibu, kukamua kunajibu. Mpe hatua hizo, mwachie dada yake za kumalizia, na usimwite arudi. Ataisikia sauti ya maji mwenyewe.

Kuna jambo la mkasi pia. Watoto wengi hupewa mkasi butu "kwa usalama" na karatasi laini ya gazeti. Mkasi butu haukati gazeti, unalikunja katikati ya makali, na mtoto anaamua hajui kukata. Tafuta mkasi mdogo wenye ncha ya duara lakini makali mazima, na karatasi ngumu kama jalada la daftari. Mdogo akate vipande vya mkato mmoja tu, ukanda wa sentimita 2. Dada yake anaweza kufuata mstari uliopinda. Kidole gumba kitazame juu. Kikitazama chini mkono wote utajikunja na atachoka.

Kwa siku mtakayokuwa hamna hamu ya kazi ndefu, chukua kijiko cha chai cha binzari ya manjano, koroga kwenye robo kikombe cha maji ya moto, pakeni karatasi nyeupe yote, iache ikauke. Kisha loweka kipande cha sabuni ya mche kwenye maji kidogo, funga pamba kwenye njiti ya fagio, mwandike. Maandishi yanatoka mekundu. Pitisha limao juu yake, yanarudi njano. Rangi ya binzari hugeuka ikikutana na kitu chenye tabia ya magadi, na sabuni ya mche inayo tabia hiyo. Sabuni ya maji ya vyombo mara nyingi haina, ukiitumia utadhani nimekudanganya. Vaeni nguo za kuchezea, madoa ya binzari hayana msamaha, ingawa jua likiwapiga siku kadhaa huyafifisha.

Kusuka nako msikuache. Ukuti mbichi mmoja ukiuchanua na kutoa njiti unapata tepe mbili. Tepe 6 kwa 6, juu-chini juu-chini, ni mkeka wa mwanasesere. Ila ukisuka ukiwa mbichi kabisa, kesho yake utakuta matundu, kwa sababu tepe husinyaa zikikauka. Acha makuti kivulini siku nzima yanyauke kwanza, yafute na kitambaa chenye maji, ndipo msuke. Zile njiti usitupe. Mbili zikifungwa pamoja zinatosha kuwa mti wa tiara: uti sentimita 50, mti wa kukingama 45, ukikatiza sentimita 12 kutoka juu, karatasi ya gazeti, mkia wa vitambaa mita 1 na nusu. Mifuko ya plastiki tuliyorushia sisi tulipokuwa wadogo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na gazeti linaruka vizuri tu mkiweka gundi ukingoni peke yake. Likizunguka kama pia, ongeza mkia; likikataa kupanda, punguza. Rusheni mchana kwenye uwanja wa wazi mbali na nyaya za umeme. Tiara iliyonasa kwenye nyaya imeshakwenda, asiifuate mtu.

Boga? Kulichonga kwa kisu na mtoto wa miaka 3 siyo kazi ya likizo, ni kazi ya kuwapeleka hospitali. Lipikeni kwa nazi. Mbegu waoshe wao, wazihesabu kumikumi, nyingine mkaange kwa chumvi, nyingine mpande kwenye kopo lenye matundu chini. Kunde zinaota haraka zaidi, siku 2 au 3 juu ya pamba yenye unyevu, na zikioza mmezidisha maji.

Kutoka nje mara moja au mbili kunatosha. Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali, na watoto wanaweza kuingia na kuinama mlangoni. Kwa umri huu ningekichagua mbele ya Makumbusho ya Taifa mjini, ambako vingi viko nyuma ya kioo. Pwani nendeni siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, kwa sababu maji hupwa mbali kuelekea saa 4 au 5 asubuhi na vidimbwi vinabaki na kaa na visamaki. Waokote makombe matupu tu. Kombe lenye umbo la koni lisiguswe hata likionekana limekufa, aliye ndani ana sumu.

Uwanja ukiwa wa pamoja, jiandae: utaanza na wawili, baada ya robo saa watakuwa sita. Gawa gundi kwenye vifuniko vya chupa, kila mmoja na chake, na wa nyumba nyingine usiwape chochote cha kuonja bila kuuliza mama zao.

Vitu vichache visiingie kabisa kwenye beseni la kazi. Utomvu mweupe wa mnyaa unaumiza macho vibaya sana. Vijimbegu vyekundu vyenye doa jeusi, na mbegu za mbarika, ni sumu. Korosho mbichi zinaanza kuonekana wakati huu: ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi, na kuichoma kunatoa moshi mkali. Na kwa mdogo wako, chochote kinachopita ndani ya lile bomba la karatasi la toilet pepa kinaweza kumkaba.

Mtoto akimeza bonge la unga wa chumvi akaanza kutapika, kuwa na kiu kali au kulegea, nendeni hospitali, msimpe maji ya chumvi ili "atapike yote". Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 kisha mwende hata kama anasema pameacha kuuma. Punje ya kunde puani au sikioni usiivue kwa kibano wala usimwagie maji, kunde huvimba.

Kuhusu utulivu wa mdogo, kutotulia pekee si dalili ya ugonjwa. Lakini kama haitikii jina lake, haungi maneno matatu pamoja, hajifanyi kupika wala kuendesha gari kwa mchezo, au ameacha kufanya alichokuwa akikiweza, mpeleke kliniki ya watoto umweleze daktari hivyo hivyo. Kwa Tabata, kituo cha afya cha karibu kinaweza kukuandikia rufaa ya Amana. Nenda na mifano, umesema nini naye amefanya nini. Daktari hawezi kuyaona yote kwa dakika kumi za chumba cha daktari.

Leo jioni wachane trei, usiku uziloweke. Kesho saa 2 asubuhi, kabla jua halijawa kali, mkaokote majani ya mkungu. Mkirudi karatasi zitakuwa zimelainika.